Karatasi, kalamu au maabara? Vipimo vya maji ya kinamasi kwa mtu wa Dar

Siku moja ya masika, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, nilichovya karatasi ya kupimia maji kwenye kinamasi kilicho nyuma ya mtaa wetu, Bonde la Msimbazi upande wa Kigogo. Kidirisha cha nitrati kikabaki cheupe pee. Sifuri. Mzee mmoja anayelima mchicha pembeni mwa kinamasi hicho alikuwa ameegemea jembe, ananitazama.

"Shikamoo mzee. Karatasi inasema maji hayana nitrati."

"Marahaba." Akavuta hewa puani, akacheka. "Mwanangu, usiku watu wametapisha vyoo mpaka saa tisa. Hiyo karatasi yako haina pua?"

Mzee alikuwa sahihi, na karatasi nayo haikudanganya. Naitrojeni ya kinyesi na mkojo huingia majini ikiwa amonia. Ili igeuke nitrati inahitaji oksijeni, na kwenye kinamasi oksijeni ndiyo kitu adimu. Hata ile nitrati kidogo inayoletwa na mto, bakteria wa kwenye tope huinyang'anya oksijeni yake na naitrojeni ikapaa kama gesi. Kwa hiyo sifuri ya nitrati kwenye kinamasi inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: maji safi kabisa, au maji yaliyochoka kabisa. Niliuliza swali lisilo lake, nikajibiwa.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu ambacho mtu wa kawaida Dar anaweza kukipata bila kuwa na mradi wa wafadhili. Huu ni ulinganisho wangu, na ninaupendelea upande fulani, utaona.

Kabla ya kununua chochote

Vipimo vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa ajili ya bomba, bwawa la kuogelea au tangi la samaki wa mapambo. Kinamasi kina tabia zake. Maji ya nyuzi 30, joto la kawaida hapa mjini, hata yakishiba oksijeni hayabebi zaidi ya miligramu 7.5 hivi kwa lita. Chini ya matete na magugu maji, ambako majani yanaoza na upepo haufiki, inaweza kushuka chini ya 2 bila mtu yeyote kumwaga uchafu. Halafu kuna saa. Mchana mwani hutengeneza oksijeni na kunywa kabonidioksidi, basi oksijeni na pH (kipimo cha uchachu au ualkali wa maji) vyote hupanda. Usiku kila kiumbe kinavuta, hakuna kinachotoa. Kinamasi hichohicho ukikipima saa kumi na moja alfajiri na ukarudi saa tisa alasiri unaweza kudhani umepima sehemu mbili tofauti.

Kwa sababu hiyo namba moja peke yake haikusaidii. Chagua sehemu mbili, pale maji yanapoingia na pale yanapotoka, na upime saa ileile kila mara. Na usichukue kiwango cha taifa cha majitaka, kile kinachotaka pH iwe kati ya 6.5 na 8.5 na BOD (oksijeni ambayo bakteria wataihitaji kuozesha uchafu uliomo) isizidi miligramu 30 kwa lita, ukakitumia kukihukumia kinamasi. Hicho kimewekwa kwa ajili ya maji yanayotoka kwenye bomba la kiwanda au mabwawa ya majitaka kabla hayajaingia mtoni.

Gambuti na glovu ni lazima. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyosimama kama haya, na mdudu wake haombi ruhusa kuingia kwenye ngozi.

Karatasi za kuchovya

Faida yake ni bei, na kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kuitumia. Chupa moja yenye karatasi hamsini ni bei ya nyama ya Jumapili. Hasara yake kwenye kinamasi ni rangi. Maji yetu yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea kwa sababu ya majani yaliyooza, na wewe unatakiwa kutofautisha waridi hafifu na waridi hafifu zaidi juu ya karatasi iliyolowa chai. Tuliwahi kusimama watu watatu tukasoma karatasi moja, tukapata majibu matatu. Na kama nilivyosema, nyingi zinapima nitrati, ugumu wa maji na klorini, wakati unachohitaji ni amonia. Karatasi za amonia zipo ila huuzwa peke yake, hivyo soma chupa kabla hujatoa hela.

Ningezinunua kwa ajili ya darasa tu, watoto waone kwamba maji yana vitu visivyoonekana. Kwa kuamua jambo, hapana.

Kalamu

Naita kalamu vile vipimo vya mkononi vyenye kioo kidogo na kichwa cha kuchovya. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa pia ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa, inategemea umenunua kalamu ya kupima nini.

Inayostahili kununuliwa kwanza ni ya upitishaji umeme, kwenye boksi imeandikwa EC. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Majitaka yana chumvi nyingi, za mkojo, sabuni na chakula, kuliko maji ya mto. Kwetu namba ya kiangazi haichezi sana wiki hadi wiki. Siku chemba moja ya juu ilipopasuka, kalamu ilisoma karibu mara mbili ya kawaida kabla hata harufu haijatufikia. Haihitaji kemikali na haichakai haraka. Kuisawazisha unahitaji kipakiti kimoja cha maji ya kipimo, mara nyingi yale ya maikrosimensi 1413 kwa sentimita, na kazi imekwisha.

Ina mitego miwili. Wa kwanza ni mvua. Mvua kubwa huongeza maji matamu, hivyo namba inashuka, na mtu anafurahi maji yamekuwa mazuri. Siku hiyohiyo vyoo vinatapishwa, na idadi ya bakteria inapanda mlima. Kwa masika na vuli, usimsikilize kalamu peke yake. Mtego wa pili ni bahari. Maji ya bahari husoma karibu 50,000, kwa hiyo ukishuka kuelekea mikoko ya Daraja la Salenda au ukiwa Kunduchi, unachopima ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua bahari hupanda mbali kuliko wakati wa maji mafu. Huko lazima uwe na ratiba ya kupwa na kujaa mkononi, upime maji yakiwa yametoka.

Nyongeza: kalamu nyingi za bei nafuu zinaonyesha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) badala ya EC. Ndizo wanazotumia wauza machujio ya maji kukutisha nyumbani kwako. TDS yao si kipimo kingine, ni EC ileile iliyozidishwa na 0.5 au 0.7, kutegemea kiwanda. Ndiyo maana kalamu mbili kwenye ndoo moja zinagombana. Tafuta yenye kitufe cha kubadilisha, uache kwenye EC.

Kalamu ya pH ni hadithi nyingine. Kichwa chake ni kigae chembamba cha kioo ambacho lazima kikae na unyevu wa maji ya chumvi ya potasiamu. Aliyeniuzia ya kwanza, duka moja la Kariakoo, alinishauri niitunze kwenye maji ya betri ya gari maana ni masafi. Nikatii. Maji yasiyo na chumvi yanaunyonya ule uhai wa kichwa polepole. Baada ya wiki tatu kalamu ilisoma 7 kila mahali: kinamasi 7, bomba 7, maji ya limao 7. Limao ni dawa nzuri ya kuumbua kalamu, kwa sababu lazima isome kati ya 2 na 3. Ukitunza vizuri itakaa mwaka, au miwili ukiwa na bahati, kisha unanunua kichwa kipya. Na baada ya yote hayo, pH ya kinamasi cha mjini haikuambii mengi, isipokuwa kama juu yako kuna karakana ya betri, kiwanda cha ngozi au watia rangi nguo. Mimi sasa naipima mara moja kwa mwezi, kwa mazoea zaidi kuliko kwa haja.

Tuje kwenye oksijeni, ambayo kila kikundi cha mazingira kinaitaka kwa sababu inasikika ya kitaalamu. Kuna kalamu za oksijeni za aina mbili. Zenye ngozi nyembamba mbele ya kichwa ndizo za bei ya chini. Zenyewe hula oksijeni zinapopima, hivyo lazima uzikoroge majini muda wote, na kwenye maji yaliyosimama ukikoroga unatibua tope. Mbaya zaidi, ile gesi ya mayai viza inayotoka kwenye tope la kinamasi inaharibu kichwa chake. Kwa maneno mengine, mahali unapoihitaji ndipo inapofia. Aina ya pili hupima kwa mwanga. Haijali gesi hiyo, haihitaji kukorogwa, ni nzuri kwelikweli, na bei yake ni ya pikipiki iliyotumika. Hakuna ya katikati ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe.

Kinachoweza kuziba pengo ni njia ya zamani ya Winkler, ya mwaka 1888. Unajaza chupa maji bila kuacha povu la hewa hata moja, unadondoshea chumvi ya manganizi na iodidi yenye alkali, na lile wingu la kahawia linaloanguka chini ya chupa ndilo oksijeni yako imekamatwa. Kama chini kunabaki wingu jeupe, hakukuwa na oksijeni. Hata bila kuendelea umeshapata jibu. Ukiongeza tindikali na kudondosha thiosalfati huku ukihesabu matone, unapata namba. Maboksi yake madogo yapo, na mwalimu wa kemia wa kidato cha sita ana nusu ya vitu hivyo kabatini. Chagua lenye azidi kwenye mchanganyiko wake, maana naitraiti ya majitaka inavuruga hesabu, na azidi ni sumu, basi glovu zisitoke mkononi. Ni polepole, ila kwa bei naichagua hii mbele ya kalamu ya ngozi bila kusita.

Bomba la kuangalia tope

Bomba angavu la plastiki, urefu wa sentimita 60 au zaidi, chini lina alama nyeusi na nyeupe. Unamimina maji polepole huku unachungulia kutoka juu mpaka alama ipotee, unasoma urefu. Fundi yeyote anakutengenezea. Ile sahani ya Secchi ya sentimita 20 inayotumika ziwani usihangaike nayo; kwenye kinamasi inagusa tope kabla haijapotea machoni. Kosa moja tu la kuepuka ni kuchota baada ya wewe mwenyewe kukanyaga. Funga kopo kwenye fimbo ndefu, uchote mbele ya miguu yako.

Sanduku la kemikali na mashine ya rangi

Unaweka kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kwenye kichupa, maji yanageuka rangi, mashine inapima ukali wa rangi hiyo kwa mwanga. Fosfati huwa bluu, amonia huwa kijani kwa njia ya salisilati. Hiki ndicho kipimo kingemjibu yule mzee. Amonia ikiwa juu pale maji yanapoingia na chini pale yanapotoka, kinamasi kinafanya kazi ya kuchuja, zikilingana, kimeshiba.

Macho ya mashine hayasumbuliwi na rangi ya chai kama yetu, mradi uifuate kanuni: chuja maji kwanza kwa kichujio kidogo cha bomba la sindano, na mashine uianzishie sifuri kwa maji yaleyale ya kinamasi yasiyo na dawa. Ukianzia na maji ya chupa ya dukani, ile rangi ya majani itahesabiwa kama uchafu. Ikataeni njia ya Nessler hata kama ni rahisi kuipata, kwa sababu ina zebaki, na ukishapima utamwaga wapi?

Swali la kumuuliza muuzaji si bei ya mashine. Muulize vitendanishi vya mwakani vitatoka wapi, na vinakwisha muda lini. Nimeona mashine mbili nzuri zikiwa pambo la kabati kwa sababu kipakiti cha dawa kinaagizwa nje na kikifika kimebakiza miezi mitatu.

Bakteria, ambako ndiko kwenye mchicha

Kuna chupa ndogo zenye karatasi ndani ambazo hugeuka nyeusi tii kukiwa na bakteria wa kinyesi. Zinafaa kwa visima, na zimesaidia watu wengi. Kwenye kinamasi ziache. Zinageuka nyeusi kwa ile gesi ya mayai viza ambayo bakteria huizalisha, na tope letu tayari limejaa gesi hiyo kwa asili. Yangu ilianza kuwa nyeusi kabla sijafika nyumbani.

Bora sahani kavu za kukuzia bakteria. Unadondosha mililita 1 ya maji, unafunika, unaweka kwenye nyuzi 35 kwa saa 24, kisha unahesabu vidoa vya bluu. Mililita 1 ni kidogo mno kwa maji ya kunywa, ila kwa kinamasi ndiyo saizi yake. Hesabu ni rahisi: Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kikomo cha bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Baadaye, mwaka 2006, lilibadilisha utaratibu na kuangalia hatari kwa jumla, lakini kwa mtu wa bustani ile namba bado ni kipimo cha mkono. Vidoa 10 kwenye sahani yako ndio 1,000 hiyo. Vikiwa vingi hadi havihesabiki, punguza makali: mililita 1 ya kinamasi kwenye 99 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha zidisha hesabu yako mara mia. Ukimaliza, mwagia klorini kabla ya kutupa. Hizo sahani sasa ni kinyesi kilichokolezwa.

Maabara

Kuna mambo hayana njia ya mkato. Metali nzito ni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi ulikuwa tayari unazungumzia risasi na kadimiamu, na hakuna kalamu wala karatasi ya kuaminika itakayokuonyesha hivyo. Mjini tuna bahati: kuna maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna maabara za vyuo kama Chuo Kikuu Ardhi. Wanatoza kwa kila kipimo, hivyo usiende kusema "nipimieni maji." Nenda na orodha fupi. Kwa risasi peleka na tope, maana metali hutulia chini, na maji ya juu yanaweza kuonekana hayana hatia.

Omba chupa kwao. Ya metali inatiwa tindikali, ya bakteria imeuliwa vijidudu kwa joto, na ukizichanganya umelipia bure. Sampuli ya bakteria ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa sita hivi. Hapo ndipo foleni inapoingia kwenye sayansi. Sisi huchota saa kumi na mbili asubuhi, tunaipanga kwenye kibebeo cha baridi na vipakiti vya barafu ya mama wa jirani, inaondoka na bodaboda. Ijumaa hatupeleki, kwa sababu kesho yake hakuna wa kuhesabu.

Kuhusu wadudu

Kuna mfumo wa kuhesabu wadudu wa majini uliotengenezwa kwa mito ya Tanzania, TARISS, lakini ni wa maji yanayotiririka; kwenye kinamasi alama zake zitakuonea. Angalia tu. Viluwiluwi vyekundu ndu vinavyojikunja topeni vina damu ya kushika oksijeni, na vikitawala peke yake ujue imekwisha. Kambale usimchukue ushahidi, yule anavuta hewa ya juu.

Nani achukue nini

Kikundi cha mtaa chenye hela ya mchango: kalamu ya EC, bomba la tope, na daftari moja lisilopotea. Zinazobaki wekeni akiba kwa sahani za bakteria mara nne kwa mwaka, mbili kiangazi na mbili mvua. Mwalimu ana Winkler. Aliye karibu na mikoko aanze na ratiba ya bahari kabla ya kifaa chochote. Mashine ya rangi ni ya wale wenye mtu mmoja atakayeitunza kama mtoto.

Mkulima hahitaji hata kimoja kati ya hivi mkononi mwake; anahitaji jibu. Tulipomwonyesha mzee sahani iliyojaa vidoa, hakuuliza ni vingapi. Aliuliza, "Nikiacha kumwagilia siku mbili kabla ya kuvuna?" Ni swali la maana kuliko yetu yote, kwa sababu jua huwaua bakteria wengi wa juu ya majani kila siku inayopita bila maji. Tulipima majani, vikapungua sana, havikwisha. Sasa huacha siku tatu, na anasuuza kwa maji ya bomba, si ya mferejini.

Na wenye mradi na fedha, wanaotaka kuacha kifaa majini kijiandikie chenyewe usiku na mchana: nilishuhudia kimoja kikifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege. Asubuhi ya pili nguzo ilikuwepo. Wa vyuma chakavu huamka mapema kuliko sisi. Ukitaka kuacha kitu, paka rangi mistari ya kila sentimita 10 kwenye nguzo ya daraja, usome kina cha maji kila unapopima. Namba hiyo moja itakusaidia kuzielewa nyingine zote, na haina wa kuiuza.